Heri Kujikwaa Dole: Vijineno vya Kuulizia katika Kicheki

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Aliyejikwaa dole huinama akalikanda, kisha akaendelea na safari yake. Aliyejikwaa ulimi huenda asijue alipojikwaa, wala asimjue aliyemwumiza. Binti mmoja wa Kenya, msomi wa Kiswahili aliyekwenda Praha kwa masomo ya mwaka mmoja, aliuonja ukweli wa methali hiyo mwishoni mwa mwezi wa Oktoba, akiwa amesimama jikoni mwa bibi aliyempangisha chumba. Hakutukana wala hakusema uongo. Alijibu swali aliloulizwa, na jibu lake halikuwa na kosa hata moja la sarufi. Hata hivyo, jibu hilo liliuacha moyo wa bibi kizee na jeraha, na binti mwenyewe hakujua hata kidogo kwamba amejeruhi mtu.

Bibi huyo alikuwa mjane aliyepita umri wa miaka 70, akiishi katika nyumba ya ghorofa karibu na makaburi ya Olšany, alikozikwa mumewe. Makaburi hayo ndiyo makubwa kuliko yote mjini Praha, na yalianzishwa mwaka 1680 ili kuwazika waliouawa na tauni. Kila ifikapo tarehe 2 Novemba, Wacheki huadhimisha siku wanayoiita Dušičky, jina ambalo maana yake ni roho ndogo ndogo. Siku hiyo, au siku za mapumziko zilizo karibu nayo, watu humiminika makaburini wakiwa na maua na mishumaa. Huondoa majani makavu yaliyoangukia makaburi ya jamaa zao, huweka maua, huwasha mishumaa ndani ya vikombe vya kioo, kisha husimama kimya kwa muda. Jioni ikiingia, uwanja mzima wa makaburi humetameta kama anga iliyojaa nyota.

Jioni ile bibi alikuwa akivifuta vikombe vyake vya mishumaa kwa kitambaa. Bila ya kuinua macho akauliza:

"Nepůjdete v neděli se mnou na hřbitov, slečno?"

Ukiyafasiri maneno hayo moja moja, utapata: "Hutakwenda Jumapili pamoja nami makaburini, binti?" Binti alilipima swali hilo kwa mizani aliyokuwa nayo. Alisikia kikanushi ne- mwanzoni mwa kitenzi, kikanushi ambacho hubandikwa hapo kama vile ha- na si- zinavyobandikwa katika Kiswahili. Akaamua kwamba bibi amekwisha kudhani kuwa mgeni hatakwenda, na kwamba anachotaka ni kuthibitishiwa tu. Tena binti aliona ni adabu asijitie katika huzuni isiyokuwa yake. Kwa hiyo akajibu kwa upole:

"Ne, nepůjdu." La, sitakwenda.

"Aha," bibi akasema. "No nic." Haya, si neno. Akaendelea kukifuta kikombe ambacho tayari kilikuwa kimetakata. Jumapili alikwenda peke yake.

Ili kulielewa kosa la binti yule, ni vyema kwanza kuitazama lugha yenyewe. Kicheki ni lugha ya jamii ya Kislavoni, na wasemaji wake ni takriban milioni 10, wengi wao wakiwa katika Jamhuri ya Cheki. Ndiyo lugha iliyoupa ulimwengu neno roboti, kupitia R.U.R., tamthilia ya Karel Čapek iliyochapishwa mwaka 1920. Katika Kicheki, swali la ndiyo au la halihitaji neno maalumu la kulitambulisha. Kauli "Petr přišel", yaani Petr amekuja, hugeuka kuwa swali pale kitenzi kinapotangulizwa na sauti ikapandishwa mwishoni: "Přišel Petr?" Mswahili hashangazwi na jambo hili. Yeye pia husema "Amekuja" kisha "Amekuja?" na tofauti yote ikabebwa na kiimbo. Si ajabu kwamba E. O. Ashton, alipotoa sarufi yake ya Kiswahili mwaka 1944, alikitaja kiimbo katika anwani yenyewe ya kitabu.

Iwapo swali lingekuwa ni ombi la habari tu, kiimbo na mpangilio wa maneno vingetosha, na mjadala ungekomea hapo. Lakini mwanadamu haulizi kwa sababu hajui tu. Huuliza akitumaini, huuliza akihofu, huuliza akituhumu, na mara nyingine huuliza huku jibu analo mkononi. Hali hizo zote huhitaji mahali pa kukaa ndani ya sentensi. Katika Kicheki hukaa ndani ya maneno madogo mno, mengi yakiwa ya silabi moja au mbili, ambayo hapa yataitwa vijineno. Mwanafunzi wa lugha huyaruka kwa urahisi kwa sababu hayataji kitu, hayatendi tendo, na yakiondolewa sentensi haianguki. Ila yakiondolewa, huondoka nayo aliyeuliza.

Hebu yachukuliwe maneno machache yaliyo sahili, nayo yaulizwe kwa njia tano. "Je dnes neděle?" anauliza mtu asiyejua siku, naye hana dhana yoyote: Je, leo ni Jumapili? Wa pili anasema "Není dnes náhodou neděle?" Huyu anadhani kuwa ni Jumapili, ila anaiweka dhana yake chini kwa unyenyekevu ili mwenzake aiokote: Leo si Jumapili? Wa tatu anasema "Copak je dnes neděle?" Huyu aliamini kuwa si Jumapili, sasa ameona maduka yamefungwa, naye anapinga kile anachokiona: Kwani leo ni Jumapili? Wa nne, "Že je dnes neděle?" anajua au anakaribia kujua, na anachotafuta ni mtu wa kukubaliana naye: Leo ni Jumapili, sivyo? Wa tano, "Snad dnes není neděle?" amekumbuka ahadi aliyoisahau na moyo unamdunda: Isije ikawa leo ni Jumapili? Siku ni ile ile moja, na jibu la kweli ni lile lile moja. Lakini ni dhahiri kwamba waulizaji ni watu watano tofauti, na atakayewajibu wote kwa sauti moja atakuwa amemsikia mmoja tu.

Binti yule alikuja kukutana na kijineno cha tatu katika hali iliyomchoma. Majuma mawili baada ya Dušičky, jirani wa ghorofa ya chini alimsimamisha kwenye ngazi, akamtazama, akamwuliza: "Copak u vás nechodíte na hroby?" Binti alikuwa akilijua neno copak, lakini kwa sura yake nyingine tu. Lilikuwa ndilo neno alilolisikia kutoka kwa bibi kila aliporudi amechoka: "Copak je, slečno?" yaani, kuna nini, binti? Neno hilo limeundwa kwa co, "nini", na kiambishi -pak, ambacho huyalainisha maulizo. Mama wa Kicheki humwuliza mtoto wake kdopak badala ya kdo, "nani", na kdepak badala ya kde, "wapi", na papo hapo swali hupata joto la mapajani. Basi binti alipolisikia copak la jirani alidhani anapewa joto lile lile, akatabasamu. Jirani hakutabasamu.

Hakika copak ni mbili. Moja huuliza "nini" kwa upole. Ya pili hutangulia swali la ndiyo au la, na kazi yake ni kutangaza kwamba muulizaji anaamini kinyume cha kile kinachoonekana mbele yake. Maneno ya jirani yalikuwa na maana ya: "Kwani kwenu hamwendi makaburini?" Ndani yake mlikuwa na mashtaka: hakuna watu duniani wasiowazuru wafu wao, wewe umekataa, basi jieleze. Katika maandishi ya kifasihi copak hii ina ndugu yake aitwaye cožpak, ambaye huvaa joho zaidi na hupenda kukaa katika hotuba na mahubiri, pale msemaji anapouliza bila ya kungoja jibu.

Mkenya hahitaji maelezo marefu kuhusu jambo hili, kwa maana neno kwani hulitenda kila siku mitaani. "Kwani wewe ni nani?" haliulizi jina la mtu. Jarida la fasihi lililoanzishwa Nairobi mwaka 2003 lilijipa jina la Kwani?, pamoja na alama yake ya kuulizia, na kila aliyeliona jina hilo alisikia ndani yake sauti ya mtu asiyekubali kuambiwa mambo yalivyo. Isitoshe, kwani nayo ni mbili kama ilivyo copak. Kuna ile ya vitabuni inayounganisha sababu, "Sikuja kwani niliugua", na kuna hii ya mdomoni inayopinga. Wanafunzi hufunzwa ya kwanza na kutahiniwa kwayo. Ya pili huachiwa mitaa iifunze.

Maneno ya jirani yalimfanya binti arudi darasani na swali alilokuwa amelibeba bila ya kulijua: kwa nini bibi alinyamaza siku ile? Mwalimu wake wa Kicheki hakumjibu moja kwa moja. Aliandika ubaoni sentensi mbili zilizohusu kisu. Ya kwanza ilikuwa "Nemáte nějaký nůž?" na ya pili "Nemáte žádný nůž?" Zote mbili zina kitenzi kilichokanushwa, "hamna", na zote mbili ni maswali kuhusu kisu. Lakini nějaký maana yake ni "fulani" au "chochote kile kilichopo", ilhali žádný maana yake ni "hata kimoja", na žádný haikai ila pale penye ukanusho wa kweli. Kwa hiyo katika sentensi ya pili muulizaji ameona dalili kuwa kisu hakipo, naye anauliza: Kwa hiyo hamna kisu hata kimoja? Katika ya kwanza, kikanushi hakikanushi kitu. Muulizaji anatumaini kuwa kisu kipo, anakihitaji, na ameivika haja yake vazi la kukana ili mwenye kisu asijione kuwa amelazimishwa.

Hapa ndipo kinapoingia kijineno náhodou, neno ambalo kwa asili lina maana ya "kwa nasibu". "Nemáte náhodou tužku?" humwuliza mtu kama, kwa nasibu tu, hana kalamu ya risasi. Náhodou hupatana vyema na kikanushi kile cha adabu, na hukataa kukaa pamoja na žádný katika swali la aina hii. Kwa hivyo limekuwa kama kipimo: palipo na náhodou, mwanafunzi na ajue kwamba "hamna" iliyosemwa haina maana ya hamna. Muulizaji hajafunga mlango. Ameurudisha taratibu, akaacha upenyo, akangoja kuona kama aliye ndani ataufungua.

Mpangilio wa maneno hutoa ishara hiyo hiyo. Bibi alikuwa amekitanguliza kitenzi: "Nepůjdete se mnou?" Hiyo ndiyo sura ya ombi na mwaliko. Kama angetaka kuthibitishiwa tu kwamba mgeni hatakwenda, angemtanguliza mtendaji na kukiacha kitenzi nyuma: "Vy se mnou nepůjdete?" Kumbe hutakwenda nami? Tofauti kubwa ya maana imetundikwa juu ya nafasi ya neno moja. Haishangazi basi kwamba ni katika mji huu ambapo mwaka 1926 Vilém Mathesius na wenzake walianzisha Duara la Isimu la Praha, na kwamba Mathesius alitumia miaka yake mingi kuchunguza jinsi sentensi inavyogawa yale yanayojulikana na yale mapya. Lugha yao wenyewe iliwalazimisha kuliona jambo hilo kila walipofungua vinywa.

Binti aliziandika sentensi za kisu daftarini, na alipokuwa akiandika mkono wake ukasita. Alikuwa amemkumbuka nyanya yake mzaa mama. Mgeni alipotokea mlangoni, nyanya hakusema "Je, utaingia ndani?" Alisema "Huingii?" Chai ilipokuwa tayari hakusema "Je, utakunywa chai?" Alisema "Hunywi chai?" Katika miaka yote ya utoto wake binti hakuwahi kumsikia mtu akijibu "La, sinywi", na kama angetokea mtu akajibu hivyo, kijiji kizima kingelijadili jibu lake. Kiswahili cha nyumbani kilikuwa kimekwisha kumfunza jambo ambalo mwalimu wa Praha alikuwa akilieleza ubaoni. Alilijua kwa masikio. Hakuwahi kuliona likiandikwa, wala hakuna mtihani uliowahi kumwuliza habari zake, kwa hiyo alipovuka bahari alifungasha nahau na ngeli, akaliacha nyuma.

Hilo ndilo jambo zito lililo katika kisa hiki, na linawahusu wanafunzi na walimu wa Kiswahili zaidi ya linavyowahusu Wacheki. Mwanafunzi wa shule hufunzwa kwamba alama ya swali la ndiyo au la ni je. Aidha, wafasiri wengi, wanapokutana na swali katika lugha yoyote ile, huweka Je mbele yake, wakaweka koma, wakajiona wamemaliza kazi. Maswali yale matano ya Jumapili yangetoka mikononi mwao yakiwa swali moja. Mshtakiwa, mwenye hofu, mnyenyekevu na mpweke wangezungumza jukwaani kwa sauti ya karani anayejaza fomu. Ilhali Kiswahili kina hazina yake ya vijineno: kwani ya kupinga, si ya kukumbusha, kama katika "Si ulisema utakuja?", ama na sivyo za kutafuta muafaka, isije ikawa ya hofu, hivi ya mshangao, na eti ya maneno yaliyosikika kwa watu.

Hii eti ina ndugu yake katika Kicheki aitwaye prý. Siku moja mwanzoni mwa Desemba bibi alimwuliza binti: "Prý odjíždíte?" Nasikia unaondoka? Jirani alikuwa amevumisha kwamba mpangaji anatafuta chumba kwingine. Neno prý limetokana na praví, "anasema", lililosagika kwa matumizi hadi likabaki silabi moja. Na wanaisimu huihusisha ati au eti ya Kiswahili na kitenzi kikongwe cha Kibantu -ti, ambacho pia maana yake ni kusema. Lugha mbili zisizo na ukoo zimelichukua tendo la kusema, zikalifinyanga kuwa kijineno cha kuweka dhima juu ya mabega ya wengine. Ziko tofauti, bila shaka. Eti ya Kiswahili huwa haikawii kuingiwa na kejeli. Prý ya bibi haikuwa na kejeli. Ilimwachia binti nafasi ya kukana bila ya kumfanya bibi aonekane mwongo, kwa maana aliyesema ni mwingine. Binti alikana. Bibi akashusha pumzi.

Tangu siku hiyo binti alianza kuvisikiliza vijineno kama mtu aliyefunguliwa sikio la pili. Alitambua kuwa víš, "unajua", likifuatwa na vůbec huwa tusi la chini kwa chini: Hivi unajua hata kidogo? Alitambua pia kuwa bibi humalizia kauli nyingi kwa viďte, neno linalohusiana na kitenzi vidět, "kuona". "Supu ni nzuri, viďte?" Ni sivyo au ama ya Kiswahili, ila ina jambo moja la ziada. Viďte huambiwa mtu wa heshima, mgeni, au watu wengi. Mtu wa karibu, mtoto, rafiki au mume huambiwa viď. Hata katika silabi hiyo moja msemaji hana budi kuchagua jinsi anavyomweka mwenzake, mbali au karibu. Bibi alimwambia binti viďte, bila ya kukosa, tangu Septemba alipofika.

Jambo jingine alilolitambua ni namna ya kujibu. Mswahili akiulizwa "Hukuja jana?" anaweza kusema "Ndiyo, sikuja", akiyathibitisha maneno ya aliyeuliza kama yalivyo. Mcheki ana ano na ne, lakini mara nyingi hukichukua kitenzi cha swali na kukirudisha kwa mwenyewe. "Máte čas?" Una nafasi? "Mám." Ninayo. Ni kama mtu aliyerushiwa kitu akakidaka, akakirudisha, ili aliyerusha ajue kwamba kilifika.

Kulikuwa na kijineno kimoja kilichobaki, nacho binti alikisikia bila ya kukusudia. Ilikuwa juma la mwisho kabla ya Krismasi, na nyumba nzima ilinukia vanila, kwa kuwa ni ada ya Wacheki kuoka vibiskuti vingi vya sikukuu wakati huo. Bibi alisimama dirishani, akadhani yuko peke yake, akasema: "Jestlipak mě tam slyší?"

Jestli ni "kama" au "iwapo". Ikiongezewa -pak, ile ile ya kdopak na kdepak, huzaa swali lisiloelekezwa kwa mtu. Anayeuliza kwa jestlipak huweza kumchokoza mtoto, "Sijui kama unajua nimekuletea nini?", au huweza kuuliza hewa. Bibi alikuwa amesema: Sijui kama ananisikia huko aliko? Swali hilo halikuwa na mwenye kulijibu ndani ya nyumba ile, na binti alilijua hilo. Alichokitambua wakati huo huo ni kwamba lile swali la Oktoba, lililosemwa huku macho yakiwa juu ya vikombe, lilikuwa na mtu wa kulijibu, naye alikuwa yeye.

Wacheki huyazuru makaburi pia mkesha wa Krismasi, tarehe 24 Desemba. Asubuhi ya siku hiyo binti alivaa koti lake, akasimama pale pale jikoni aliposimama Oktoba. Alikuwa ameliandaa swali lake kwa siku kadhaa, akachagua kila kipande chake kama mtu achaguaye zawadi. Alitanguliza kitenzi. Alikikanusha. Alitia na kijineno cha nasibu, ili bibi asione kwamba anahurumiwa.

"Nešla byste náhodou se mnou na hřbitov?" Usingekwenda nami makaburini, kwa nasibu tu?

Bibi alimtazama kwa muda mrefu, labda akikumbuka, labda akipima. Kisha akakidaka kitenzi na kukirudisha. "Šla bych," akasema. Ningekwenda.

Walikwenda. Vikombe vya mishumaa vilikuwa mfukoni, na theluji nyembamba ilikuwa imefunika njia za makaburi ya Olšany. Bibi aliupangusa uso wa jiwe kwa kiganja chake, binti akawasha kiberiti, mshumaa ukakataa mara mbili ukawaka mara ya tatu. Walisimama kimya. Baadaye bibi akasema, huku macho yake yakiwa chini:

"Je zima, viď?"

Kuna baridi, sivyo? Alisema viď, neno la mume, la mtoto, la rafiki. Binti hakujua kama limeelekezwa kwake au kwa aliyelala chini ya jiwe. Yamkini bibi mwenyewe hakuwa amechagua. Binti angeweza kunyamaza na isingekuwa kosa, kwa maana maswali ya watu kwa wafu wao hayangoji jibu. Lakini alikuwa amejifunza kwamba swali likija na mlango ulioachwa wazi, afadhali mtu aingie. Akakichukua kitenzi cha kwanza cha bibi, ambacho katika Kicheki huandikwa kwa herufi mbili, husomwa ye, na maana yake ni "ni" au "kuna". Ni herufi zile zile mbili ambazo kwao Kenya huandikwa mwanzoni mwa swali.

"Je," akajibu.